Nyumba Ikipakwa Rangi

Jumapili, 3 Machi

Lipu ya nje imekwisha jana. Nyumba imesimama kijivu, bati juu, vioo madirishani, kufuli mlangoni. Kilichobaki ni rangi. Naandika haya katika daftari la mahudhurio ambalo kazini walilikataa kwa sababu mistari yake imechapwa mshazari. Naandika kwa sababu nina furaha ambayo naona haya kuisema kwa mdomo: mume wangu anakaribia kurudi.

Alisema mwenyewe. Siku ya tatu baada ya kumzika baba yake, watu walikuwa bado wamejibanza chini ya turubai, mvua inawapiga migongoni. Mjomba wake akasema, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba mwanamume wa miaka arobaini na mbili hana hata baraza la kuwaketisha waliokuja kumlilia baba yake. Jioni mume wangu, baba Kadogo, alifunga begi, akanifuata jikoni, akaniambia, "Nitarudi siku nyumba ikipakwa rangi. Kabla ya hapo usinitarajie."

Nilidhani ni hasira za msiba, zitapoa. Zimepita miaka miwili na miezi minne. Ghala analolitunza, huko kiwandani, ni mwendo wa saa kumi na nne kwa basi, na hajaja hata kwa siku moja. Simu ya video hataki, anasema mtandao wa huko hauvuti. Tunatuma picha, anapiga, tunazungumza dakika tano, zote za nyumba.

Sisi wa huku tuko watatu katika vyumba viwili vya kupanga: mimi, mama yake, na binti yetu tunayemwita Kadogo ingawa ana miaka kumi na minne na ameshanipita kimo. Leo tulikwenda wote kuiangalia nyumba. Nimepapasa ukuta kwa kiganja. Bado wa baridi.

Jumanne, 5 Machi

Mvua imeanza, mapema kuliko mwaka jana.

Jumamosi, 9 Machi

Amekuja fundi rangi. Jina lake silijui. Mtaa mzima unamwita Fundi Kesho, kwa sababu ukimuuliza chochote jibu lake ni hilo. Leo nilimbana mpaka akapaka vipande vinne vya majaribio pembeni ya dirisha la sebule, kila kimoja na ukubwa wa sinia: rangi ya maziwa, ya mchanga, kijivu cha moshi, na damu ya mzee kwa ajili ya mkanda wa chini.

Nikapiga picha, nikatuma. Akapiga simu hapo hapo.

"Hiyo ya kwanza mbona ya njano?"

"Si ya njano, ni ya maziwa."

"Mimi naiona ya njano, mama Kadogo."

"Unaiona kwenye simu."

"Sasa nitaionea wapi?"

Kadogo akachukua karatasi ya daftari lake, akaishika kando ya ile rangi, nikapiga picha nyingine, nikaituma. Akanipokonya simu. "Baba, unaona karatasi? Hiyo ndiyo nyeupe. Sasa toka kwenye nyeupe, uje taratibu kwenye maziwa. Usipite mbio." Baba yake alicheka. Ni muda sijamsikia akicheka, na kicheko kilikuwa na kikohozi ndani yake.

Mama mkwe hakuja. Jumamosi husema anapumzika.

Jumapili, 17 Machi

Amechagua mchanga. Nilishukuru Mungu kabla hajamaliza sentensi, nikawa nimewahi. Chini ya madirisha anataka kwanza mawe ya mapambo, yale bapa, meusi na ya kahawia yakichanganywa.

"Mawe yametoka wapi?" nikamuuliza.

"Nimefikiria tu."

Hajawahi kufikiria mawe maishani mwake. Tulipooana hakujua hata pazia letu lilikuwa la rangi gani. Lakini sawa, mawe. Baada ya mawe, rangi.

Saa kumi mama mkwe alijifungia chumbani na simu yake ndogo ya vitufe, kama kila Jumapili. Nusu saa nzima. Niseme ukweli, naona wivu. Mimi mke napata dakika tano za lipu, yeye anapata nusu saa ya kitu gani?

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Masijala yetu ya kituo cha afya imejaa watu wenye vikohozi, na mafaili yamenilowea mkononi. Nimesimama kwa muda wa saa tisa.

Jumamosi, 30 Machi

Mawe yamewekwa. Ni mazuri, siwezi kukataa. Mwashi akauliza kama kuna lingine. Nikamwambia hakuna, halafu simu ikalia.

Baraza liinuliwe. Mbele ziwekwe ngazi sita, pana, za kupanda kwa heshima. Nikamuuliza heshima ya nani. Akasema, "Nyumba ya maana haiingiwi kwa kuruka kizingiti, mama Kadogo." Nikamuuliza kama ni hilo la mwisho. Akasema ndilo.

Jumapili, 7 Aprili

Ngazi sita zipo. Leo baada ya mvua kukatika tulikwenda wote watatu. Mimi na Kadogo tulipanda, tukashuka, tukapanda tena kwa madaha, Kadogo akipunga mkono kama amealikwa na rais. Mama mkwe alisimama chini akizitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda kukaa juu ya tofali, karibu na pipa la maji.

"Mama, njoo uone sebule."

"Nitaingia siku ya kuhamia."

Wiki iliyopita aliingia vizuri tu, akazunguka vyumba vyote. Kwa sasa nyumba ya mkwe imekuwa ya kutazamwa kwa mbali. Nilirudi nimefura. Huyu mama nimemwogeshea mume alipokuwa mgonjwa, nimekaa naye miaka miwili bila kumwinulia sauti, na bado ananionyesha kwamba nyumba ni ya mwanawe na si ya kukaribishwa na mimi.

Saa kumi, chumbani, nusu saa.

Jumapili, 14 Aprili

Mchanga haupendi tena. Anataka kijivu cha moshi, madirisha yazungushiwe nyeupe. Ndiyo ya kisasa, anasema.

Nilikuwa nimesimama jikoni, mwiko mkononi.

"Baba Kadogo, utarudi lini?"

"Si nilishasema?"

"Sema tena."

"Nyumba ikipakwa rangi."

"Rangi ipi? Chagua moja basi, ikauke!"

"Usiniharakishe. Wale wale walionicheka ndio watakaokuja kuitazama. Unataka wapate pa kuanzia?"

"Mimi nataka mume wangu."

Akasema nimwambie fundi anunue kijivu cha moshi, ndoo sita, kabla hakijaisha dukani.

Niandike wazi, daftari hili hakuna atakayelisoma. Nimemkosa. Namkosa asubuhi ninapofunga zipu ya gauni mgongoni na mkono haufiki. Namkosa Kadogo anapoleta karatasi ya shule ya kusainiwa na mzazi, na mzazi ni mimi tena. Wanawake kazini huniuliza, "Bwana hajambo?" nami hujibu, "Hajambo, nyumba imefika kwenye rangi," kana kwamba wameuliza habari za nyumba.

Jumamosi, 20 Aprili

Siku nne za jua! Udongo umepasuka, nguo zinakauka kwa saa mbili tu.

Nilimpigia Fundi Kesho alfajiri. Alifika saa moja, akanionyesha kitu. Jana alikuwa amebandika kipande cha nailoni ukutani, pande zote nne, kwa gundi ya karatasi. Ndani ya nailoni kulikuwa na matone.

"Ukuta unatoa jasho, dada. Lipu imenyeshewa mwezi mzima. Unahitaji wiki tatu za jua. Siku nne hazitoshi."

"Wiki tatu za jua nitazitoa wapi mwezi huu? Paka."

"Tungoje kidogo."

"Paka leo, fundi."

Alitazama mbingu, akatazama ndoo, akamwita Kadogo aliyekuwa anafagia baraza. "Umemsikia mama yako?"

"Nimemsikia."

"Umesikia kasemaje?"

"Kasema paka leo."

"Haya. Ukumbuke." Akafungua ndoo ya kwanza.

Najua alichokuwa anafanya, na najua kwa nini. Sijali. Nikingoja ukuta ukauke, mume wangu ataongeza mnara.

Jumatatu, 22 Aprili

Imekwisha. Nimetoka kazini moja kwa moja, nikasimama barabarani kuitazama. Kadogo akasema, "Mama, tumetoka kijivu tukaenda kijivu," nikamfukuza kwa mkoba. Lakini ni nzuri. Kwenye jua la jioni ni nzuri sana.

Nimetuma picha kumi na moja. Akapiga.

"Safi kabisa! Sasa imekaa kama nyumba ya watu."

Nikangoja. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya tatu, nimeikunja miguu kama msichana anayengoja kuchumbiwa.

"Sasa geti," akasema. "Haiwezekani nyumba kama ile iwe na geti la mbao. Tuweke la chuma, jeusi, lenye maua. Na juu ya nguzo zake taa mbili."

Nilimwambia mtandao unakata. Haukuwa unakata.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua. Siku ya pili mfululizo.

Jumapili, 28 Aprili

Ukuta wa mbele umetoka malengelenge. Mengine madogo, mengine makubwa kuliko kiganja changu. Nilibonyeza moja, maji yakanitiririkia mpaka kwenye kiwiko, na rangi ikabanduka kipande kirefu, laini, kama ngozi ya maziwa ya moto. Chini yake lipu ni mbichi. Upande wa mashariki ni hivyo hivyo. Uliopona ni ukuta wa nyuma tu, chini ya upenu mpana, ambao mvua haikuufikia.

Fundi Kesho alikuja bila kuitwa. Alizunguka nyumba yote mikono nyuma. Nilijiandaa kusikia "si nilikwambia." Hakusema. Ningependa angesema, nami nipate pa kugombana. Alisema tu kwamba itakwaruliwa yote, mpaka kwenye lipu, na safari hii ukuta ndio utakaotuambia siku.

Mtu mzima, mwenye akili zake, nimepaka rangi ukuta unaotoa jasho kwa sababu mwanamume alisema neno jikoni miaka miwili iliyopita. Nimejionea aibu mpaka nikakosa usingizi.

Jumapili, 5 Mei

Ameomba picha nyingine, ya karibu. Nimempigia picha ukuta wa nyuma. Kutoka pande mbili, jua likiwa zuri.

"Inang'aa," akasema.

"Inang'aa," nikasema.

Kadogo alikuwa kando yangu. Aliinua nyusi tu, na nyusi hizo ni za baba yake.

Jumapili, 12 Mei

Naandika nikiwa bado nimelowa.

Saa kumi nilikuwa nimetoka kwenda dukani, mvua ikanirudisha kuchukua mwavuli. Mwavuli hukaa nyuma ya mlango wa chumba cha mama mkwe. Mlango haukuwa umefungwa sawasawa. Nikasikia:

"...la chuma, ndiyo. Wamelipaka jeusi, na maua yake ni ya chuma hicho hicho. Taa mbili. Za mviringo, mwanangu... Hapana, ile nyumba ya kona ndiyo yenye ngazi sita. Hii ya kijani wameweka vigae mpaka ukutani, nje! Vya kung'aa. Nimesimama nikavihesabu..."

Nilisimama pale, mkono kwenye mwavuli. Sasa nikakumbuka: mawe ya mapambo ni ya nyumba ya kona. Ngazi sita ni za nyumba ya kona. Geti, taa, yote, yametoka kinywani mwa mama huyu, Jumapili hadi Jumapili, nami namlaumu mume wangu kwa majivuno. Kumbe majivuno yana mpishi, na mpishi nakaa naye nyumba moja, namkunjia nguo.

Kila ninapokaribia kumrudisha mwanawe, yeye anamwongezea hatua. Kwa nini? Anaogopa nitammiliki? Anataka awe wa kwake peke yake, kwenye simu, kila Jumapili saa kumi? Nilitaka kuusukuma ule mlango. Sikuusukuma kwa sababu moja tu: ningesema maneno ambayo hayarudi.

Nilikwenda dukani bila mwavuli.

Jumanne, 14 Mei

Simsemeshi. Salamu tu.

Alhamisi, 16 Mei

Salamu tu. Kadogo ameuliza kama tumegombana. Nimemwambia tumechoka na mvua.

Jumatatu, 20 Mei

Nina miaka kumi na moja katika masijala ya kituo cha afya. Mgonjwa anakuja dirishani na kadi, nasoma namba, natoa faili, linakwenda kwa daktari, linarudi kwenye toroli, nalirudisha kwenye rafu yake. Mambo ya watu yaliyomo ndani si yangu. Namba ya juu ndiyo yangu.

Leo asubuhi, kwenye toroli la mafaili ya Jumamosi, siku ambayo sifanyi kazi kwa sababu niko kwa mafundi, nilikuta jina la mama mkwe.

Nilidhani ni majina kufanana. Umri wake. Mtaa wetu. Jina la ndugu wa karibu: la kwangu, na mbele yake, kwa mwandiko wa daktari, "mgonjwa hataki ajulishwe."

Nikafungua. Najua sikutakiwa. Nimefungua.

Amekuja mara tisa. Zote Jumamosi. Magoti yote mawili. Kuna neno refu la kidaktari, halafu kuna maneno ambayo hayahitaji daktari: maumivu makali akitembea, miguu inavimba, asipande ngazi. Hilo la ngazi limepigiwa mstari mara mbili. Tarehe ya kwanza ni ya mwezi ule tuliochimba msingi.

Nililirudisha faili mahali pake. Mtu mmoja dirishani akagonga kioo akiuliza kama nimelala. Mimi ninayejua kila faili la mtaa huu liko rafu gani sikujua la mtu ninayemwekea maji ya kuoga.

Jumanne, 21 Mei

Nimezungumza naye. Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Nilimkuta anakunja nguo kitandani, miguu ameinyoosha. Nilikaa upande wa pili, nikachukua shuka, tukaishika pamoja pembe kwa pembe.

"Mama, Jumamosi huwa unakwenda wapi?"

Hakuacha kukunja. "Umeliona faili."

"Nimeliona."

"Nilijua ipo siku litapita mkononi mwako. Ndiyo maana nikaenda siku ambazo hupo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Una mtoto, una kazi, una mafundi. Na mimi nikuongezee magoti?"

"Basi ungemwambia mwanao. Mnazungumza nusu saa kila wiki. Mnazungumza mageti!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Nimekusikia, mama. Geti jeusi, taa mbili, ngazi sita. Kila ninapomaliza moja, wewe unampa lingine. Atarudi lini kwa mtindo huu?"

Aliiweka shuka chini. Sijawahi kumwona mama mkwe wangu akitafuta maneno. Kwa kawaida huwa nayo tayari.

"Nilimwambia," akasema. "Mara mbili. Nikisema tu miguu inaniuma, anasema, 'Mama, nitakupigia baadaye,' na simu imekatika. Si mtoto mbaya. Anaogopa. Baba yake naye alianza na miguu, unakumbuka, na yeye alikuwa mbali hivyo hivyo. Sasa siku moja sikuwa na la kusema, nikamwambia tu nyumba ya kona imewekwa mawe chini ya madirisha. Akaniuliza mawe gani. Akaniuliza yamepangwa vipi. Akaniuliza kama yanang'aa yakilowa. Tulizungumza nusu saa, mwanangu. Nusu saa! Nilikuwa sijaisikia sauti yake namna ile tangu msiba. Tangu hapo nikawa napita mitaani kutafuta nyumba za kumsimulia."

"Kwa magoti hayo?"

"Kwa haya haya."

"Na ngazi?"

Alianza kucheka, mkono mdomoni, mabega yanatikisika, na machozi yakafuata kicheko. "Ngazi nilizitaja mwenyewe. Nilizisifia! Sikujua atazijenga. Siku ile uliponikaribisha sebuleni nilizitazama, nikasema, haya, mama, panda maneno yako."

Nami nikacheka, Mungu anisamehe, tulicheka wote wawili tukiwa tumeshika pajama ya Kadogo. Halafu sikuweza tena kucheka. Mimi nilikuwa namvuta mume wangu kwa kuimaliza nyumba. Mama yake alikuwa anamshikilia kwa kutoimaliza. Na yeye, katikati yetu, alikuwa na sababu nzuri ya kukaa alipo.

Nilimwambia kuhusu malengelenge. Hakujua. Akaniuliza, "Kwa hiyo haina rangi?" Nikamwambia haina. Akasema, "Maskini wewe," akanishika magoti, mimi, wa magoti mazima.

Jumamosi, 25 Mei

Sikwenda kwa mafundi. Nimempeleka mama kituoni, nikakaa naye kwenye benchi upande wa wagonjwa. Dirisha la masijala linaonekana dogo sana ukilitazama kutoka pale.

Jumatano, 29 Mei

Tunakwarua. Mimi na Kadogo jioni, Fundi Kesho mchana. Nimemuuliza ukuta utakauka lini. Akajibu lile neno lake, nikacheka mpaka akashuka kwenye ngazi yake ya mbao kuniuliza kuna nini.

Baba Kadogo ametuma ujumbe mara tatu kuuliza geti limefikia wapi. Sijamjibu. Picha sitatuma tena, si ya ukuta mzuri wala mbaya.

Jumapili, 2 Juni

Saa kumi mama hakujifungia. Alikaa chumbani kwetu, kwenye kiti cha plastiki, simu akaiweka mezani na sauti ameifungua. Mimi na Kadogo tulikuwa pale. Aliniomba nisiseme kitu.

"Mama, shikamoo. Enhe, nipe habari. Geti wamelifikisha wapi? Mama Kadogo hanijibu."

"Marahaba. Leo sina habari za geti."

"Ile nyumba ya kijani je?"

"Sijapita huko." Alijishika magoti kwa mikono miwili. "Mwanangu, miguu inaniuma."

Tulisikia honi ya gari huko kwake, na mtu akipiga kelele kwa mbali.

"Mama, nitakupigia baadaye," akasema, na simu ikakatika.

Mama alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyeulizwa swali na sasa jibu limeonekana na wote. Kadogo aliondoka akaenda kusimama uani. Mimi nilichukua simu niandike maneno makali, mama akanifunika mkono. "Mwache," akasema. "Amesema baadaye."

Tukakaa. Niliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Mvua ikanyesha, ikakatika. Saa kumi na moja na robo simu ililia. Katika miaka yote hii "baadaye" yake haijawahi kufika.

Mama alipokea. Hakusema hata haloo.

"Tangu lini?" mume wangu akauliza.

"Tangu mlipochimba msingi."

Nilimsikia akihema. Nilikuwa na mambo mia ya kusema, rangi iliyobanduka, faili, uongo wangu wa ukuta wa nyuma, lakini niliahidi kunyamaza. Mama naye hakumsaidia kwa neno hata moja. Alikaa wima akingoja, mama wa watu; mimi ningekuwa nimemsamehe zamani kwa kuogopa kimya.

"Nitaomba ruhusa kesho," akasema mwishoni. "Nitapanda basi la Alhamisi."

"Nyumba haijapakwa," mama akamwambia. "Rangi imebanduka yote."

"Nimesikia, mama."

Sijui kama atapanda. Kadogo anasema hatapanda. Amefagia chumba hata hivyo.

Ijumaa, 7 Juni

Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa natoka kwenda kazini, koti la mvua mwilini. Mlangoni alisimama mzee mmoja, mwembamba, begi begani, kofia imelowa. Nikamwambia, "Karibu, unamtafuta nani?"

Akavua kofia. Kichwa kizima cheupe. Mashavu yameingia ndani, na shingo imekuwa ndogo ndani ya shati nililomnunulia mimi. Kikohozi kilimshika kabla hajasema jina langu, nami nikamtambua kwa kikohozi, kile nilichokisikia kwenye simu mwezi wa tatu na sikuuliza.

Mama alikuwa ameshasikia. Alitoka chumbani akishika ukuta, hatua moja moja, akakataa mkono wa Kadogo, akafika. Alimshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili, akazipapasa zile mvi, akayapapasa mashavu.

"Mwanangu. Mbona hukutuambia?"

"Hamkuuliza," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema idadi ya magunia.

Nina picha mia moja na arobaini na mbili kwenye simu, nilizomtumia na alizonirudishia akizungushia duara hapa na pale. Nimezipitia zote mchana huu. Ni kuta, mawe, ngazi, madirisha. Ya mtu hakuna hata moja.

Sikwenda kazini. Nilivua koti, nikabandika maji ya chai, na tulipokuwa tunangoja yachemke nikamwambia avue shati lililolowa nimtazame kifua.